Mamlaka za elimu zisijifiche nyuma ya manusura

Mwaka 2015, manusura wapatao 300 walikwenda Poland kuadhimisha miaka 70 tangu kambi ya Auschwitz ikombolewe. Mwaka 2020 walifika kiasi cha 200. Januari 27, 2025, katika kumbukumbu ya miaka 80, walikuwa takribani 50. Siku hiyo wafalme, marais na mawaziri wakuu waliketi kusikiliza. Jukwaa liliachwa kwa wazee. Mmoja wa waliozungumza, Marian Turski, alifariki dunia wiki tatu baadaye akiwa na umri wa miaka 98.

Hakuna wizara ya elimu inayoweza kudai kwamba jambo hili limeikuta ghafla. Shirika la Claims Conference, linaloshughulikia fidia za manusura, lilieleza mwaka 2025 kwamba waliobaki hai duniani kote ni takribani 220,000, na kwamba asilimia 70 yao watakuwa wamefariki katika kipindi cha miaka 10. Karibu wote walikuwa watoto wakati wa vita. Wanaondoka sasa kwa uzee, kifo ambacho utawala wa Hitler haukuwapangia. Hilo si janga. Janga ni kwamba shule ziliwageuza kuwa badala ya somo, na sasa hazina cha kuweka mahali pao.

Kwa zaidi ya miaka 30, Marekani, Uingereza na kwingineko, ufundishaji wa Maangamizi ya Wayahudi umeegemea mpango mmoja mwepesi. Mzee anaalikwa shuleni mara moja kwa mwaka. Anasimulia kwa saa moja jinsi wazazi na ndugu zake walivyouawa. Wanafunzi wanalia, mkuu wa shule anashukuru, picha zinapigwa, na ripoti inaandikwa kwamba mada imefundishwa. Mzee alitimiza wajibu wake, mara nyingi kwa kujitolea na kwa gharama ya usiku kadhaa bila usingizi. Shule haikutimiza wake.

Matokeo yanajulikana. England imelifanya somo hili kuwa la lazima tangu mtaala wa taifa wa mwaka 1991. Watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, walipochapisha mwaka 2016 uchunguzi uliohusisha wanafunzi karibu 8,000, asilimia 68 hawakujua maana ya neno linalotumika kwao kutaja chuki dhidi ya Wayahudi. Yaani walijua watu waliuawa, lakini hawakujua kwa nini waliouawa ni hao. Marekani, utafiti wa Claims Conference wa mwaka 2020 uliwahoji watu wa umri wa miaka 18 hadi 39: asilimia 63 hawakujua kwamba Wayahudi waliouawa ni milioni 6, na asilimia 48 hawakuweza kutaja hata kambi moja au geto moja. Watu hawa walisoma wakati manusura bado wako wengi na wanaalikwa shuleni. Machozi yalikuwepo. Somo halikuwepo.

Isieleweke kwamba visa vya familia havina nafasi darasani. Vina nafasi ambayo hakuna kingine kinachoweza kuijaza. Mtoto wa miaka 14 hana namna ya kuishika kichwani idadi ya milioni 6. Anachoweza kukishika ni baba mmoja, duka lake, mtoto wake wa kwanza, barua ya mwisho, na siku ambayo jirani wa miaka mingi alivuka barabara ili asimsalimie. Kisa cha familia humwonyesha pia kwamba uhalifu huo haukuisha mwaka 1945. Uliingia katika nyumba zilizojengwa baadaye, ukakaa mezani na watoto waliozaliwa New York au Haifa.

Hakuna kazi iliyolionyesha hilo vizuri kuliko Maus, kitabu cha katuni cha Art Spiegelman kilichopewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1992. Spiegelman alimhoji baba yake, Vladek, Myahudi wa Poland aliyepita Auschwitz, na akachora alichoambiwa pamoja na jinsi alivyoambiwa. Wasomaji wanajua yaliyomo: kaka aliyekufa mdogo kabla mwandishi hajazaliwa, mama aliyenusurika kambini akajiua mwaka 1968 huko Marekani, na baba aliyeyachoma madaftari ambamo mkewe aliandika kumbukumbu zake.

Jambo moja ndani ya kitabu hicho linastahili kutazamwa kwa karibu na kila mwandaaji wa mitaala. Spiegelman anamuuliza baba yake kuhusu bendi ya wafungwa iliyolazimishwa kupiga muziki getini wakati makundi yakienda kazini. Nyaraka za kambi na mashahidi wengi wanaitaja bendi hiyo. Baba anajibu kwamba hakuiona. Anakumbuka kupiga mguu tu na kelele za walinzi. Mwandishi hakumsahihisha baba yake wala hakuutupa ushahidi. Alichora bendi, kisha akachora safu za wafungwa zikipita mbele yake mpaka vyombo vikafunikwa. Katika ukurasa mmoja mwanafunzi anapata alichokiona shahidi, kinachosemwa na nyaraka, na nafasi iliyo kati ya viwili hivyo. Hivyo ndivyo kisa cha familia kinavyopaswa kufundishwa.

Na hicho ndicho kitabu ambacho bodi ya elimu ya kaunti ya McMinn, jimbo la Tennessee, ilikiondoa katika masomo ya darasa la nane Januari 10, 2022, kwa kura 10 bila hata moja ya kupinga. Sababu zilizotajwa ni maneno machache ya matusi na mchoro mdogo wa mwanamke aliye uchi. Mwanamke huyo ni mama wa mwandishi, akiwa ndani ya bafu alimojiulia. Bodi ilijitetea kwamba haipingi somo la Maangamizi, inatafuta tu kitabu kinachofaa umri wa wanafunzi.

Utetezi huo hauna uzito. Watu waliopewa dhamana ya elimu walikaa kikao, mezani pao kukiwa na maelezo ya watoto kuuawa, na kilichowashtua ni lugha ya mzee anayesimulia. Maangamizi yaliyosafishwa mpaka yasimkere mtu si Maangamizi. Kisa cha familia kikiondolewa uchungu, aibu na ugomvi wa ndani, kinachobaki ni hadithi ya kumfariji msomaji, na hakuna mtoto anayehitaji bodi nzima ya elimu ili apewe hadithi ya namna hiyo. Uamuzi ule ulikuwa mbovu siku ulipopitishwa, na kelele za dunia nzima zilizofuata zilikuwa stahili yake.

McMinn haiko peke yake. Florida ina sheria inayolazimisha somo hili tangu mwaka 1994. Hata hivyo, mwaka 2018 mkuu wa shule moja ya sekondari huko Boca Raton alimwandikia mzazi kwamba yeye, kama mtumishi wa shule ya umma, hawezi kusema kuwa Maangamizi ni tukio la kweli la kihistoria, kwa kuwa wazazi wengine wana imani tofauti. Suala hilo lilipofika hadharani mwaka 2019 alifukuzwa, akarejeshwa kwa uamuzi wa jaji mwaka uliofuata, kisha bodi ikamfukuza tena. Oktoba 2021, ofisa wa mitaala katika wilaya moja ya shule Texas alirekodiwa akiwaambia walimu kwamba wakiwa na kitabu kuhusu Maangamizi wawe pia na kingine chenye mtazamo wa upande wa pili. Mkuu wa wilaya hiyo aliomba radhi.

Upande wa pili upi? Nyaraka za wauaji wenyewe zipo, makaburi yapo, hukumu za Nuremberg zipo. Mnamo mwaka 2000 Mahakama Kuu ya London ilimsikiliza mwandishi David Irving kwa wiki nyingi na ikahukumu kwamba ni mkanushaji aliyepotosha ushahidi kwa makusudi. Ofisa wa elimu anayeyaweka haya kwenye mizani moja na porojo hajawa wa haki kwa pande zote. Ameogopa kupigiwa simu na wazazi, na woga wake ameuita usawa.

Kuna upotofu mwingine ulio kinyume na huo, nao haustahili huruma zaidi. Desemba 2021, katika shule moja ya msingi mjini Washington, wanafunzi wa darasa la tatu waliambiwa waigize matukio ya Maangamizi, wakiwemo waliopangiwa kuchimba makaburi na kuwapiga risasi wenzao. Kumsikiliza mjukuu wa manusura ni elimu. Kumfanya mtoto wa miaka minane ajifanye maiti ni ukatili uliovikwa joho la ubunifu, na mwalimu anayefika huko ameachwa bila mafunzo na bila msimamizi.

Lakini hoja nzito zaidi katika mjadala huu ni ile ambayo wapenzi wa visa vya familia hawataki kuisikia: familia husema uongo. Husema bila kukusudia, kwa mapenzi, na kwa kuchagua cha kukumbuka. Mwaka 2002 Harald Welzer, Sabine Moller na Karoline Tschuggnall walichapisha Ujerumani utafiti wa mazungumzo ya familia 40 kuhusu miaka ya utawala wa Hitler, wakiwahoji babu na bibi, watoto na wajukuu. Waligundua kwamba kila kisa kilivyoshuka kizazi kimoja, babu alizidi kuwa mwema. Mzee aliyekiri kushiriki mauaji au kuwachukia Wayahudi aligeuka, mdomoni mwa mjukuu, kuwa mtu aliyewaficha au aliyethubutu kuwatetea. Vijana hao walikuwa wamefundishwa historia shuleni, na vizuri tu. Walijua Wajerumani walifanya nini. Wasichokubali ni kwamba babu alikuwa miongoni mwao.

Ni ile ya funika kombe mwanaharamu apite. Na haiko Ujerumani tu. Februari 2021 mahakama ya Warsaw iliwaamuru wanahistoria Barbara Engelking na Jan Grabowski kumwomba radhi mpwa wa aliyekuwa mkuu wa kijiji kimoja wakati wa vita, kwa kuandika kwamba mkuu huyo alihusika kuwatoa Wayahudi waliojificha msituni. Mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo Agosti mwaka huohuo, na ilifanya sawa. Heshima ya marehemu ndani ya ukoo wake ni haki ya ukoo kuitunza nyumbani. Haiwezi kuwa kipimo cha kinachoruhusiwa kuandikwa kitabuni na kufundishwa.

Uongo umeingia hata upande wa waathirika, na umesababisha hasara kubwa. Mwaka 1995 mtu aliyejiita Binjamin Wilkomirski alichapisha kumbukumbu za utoto wake katika kambi za Poland, akapewa tuzo, akaalikwa kila mahali; mwaka 1998 mwandishi wa habari alifichua kwamba ni Mswisi aliyekulia Uswisi na hakuwahi kuwa mfungwa wa kambi. Mwanamke aliyejiita Misha Defonseca alikiri mwaka 2008 kwamba kisa chake cha kutembea Ulaya nzima utotoni akilindwa na mbwamwitu alikibuni, na kwamba hata si Myahudi. Mwaka huohuo kitabu cha Herman Rosenblat kilifutwa kabla hakijatoka. Rosenblat alikuwa manusura wa kweli; alichobuni ni msichana aliyemrushia matofaa kupitia uzio. Alikuwa na kisa cha kutosha na akakiongezea.

Kila kisa cha namna hiyo ni zawadi kwa wakanushaji. Na kila kimoja kilipita kwa sababu wachapishaji, waandaaji wa vipindi na walimu waliona ni utovu wa adabu kumuuliza shahidi swali. Sivyo. Adabu kwa shahidi wa kweli ni kuhakiki, ili asichanganywe na mwongo.

Vyombo vya kuhakiki vipo, tena vingi viko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Hifadhi ya nyaraka ya Arolsen, Ujerumani, ina nyaraka zipatazo milioni 30 zinazohusu watu milioni 17.5. Yad Vashem mjini Jerusalem iliweka kanzidata ya majina ya waliouawa mtandaoni tangu mwaka 2004. Mfuko wa Shoah ulioanzishwa na Steven Spielberg mwaka 1994 una shuhuda zaidi ya 55,000 zilizorekodiwa. Mwanafunzi anayepewa kisa cha mama mkubwa aliyepotea Łódź anaweza, katika vipindi viwili, kutafuta jina lake, tarehe ya treni iliyomchukua na mahali ilikokwenda. Asipolipata, hilo nalo ni jambo la kujifunza. Mwalimu asiyejua kwamba vyanzo hivyo vipo hastahili kulaumiwa yeye; alaumiwe aliyemkabidhi mada bila kumwandaa.

Kuna pengo jingine ambalo visa vya familia haviwezi kuliziba kwa asili yake. Visa hutoka kwa waliobaki. Katika kambi ya Bełżec, mashariki mwa Poland, telegramu ya ofisa wa SS Hermann Höfle ya Januari 11, 1943, iliyonaswa na Waingereza, ilitaja waliofikishwa huko mpaka mwisho wa 1942: watu 434,508. Waliotoka hai na kutoa ushahidi baada ya vita ni wawili. Rudolf Reder alichapisha maelezo yake Kraków mwaka 1946. Wa pili, Chaim Hirszman, alianza kutoa ushahidi wake Lublin Machi 19, 1946. Aliuawa siku hiyohiyo kabla hajaumaliza, na mkewe ndiye aliyekwenda kueleza yaliyosalia kadiri alivyoyasikia kutoka kwake.

Wajukuu wa Bełżec wa kualikwa shuleni wako wapi? Koo nzima zilifutika, pamoja na mtu wa kuwataja. Darasa linalojengwa juu ya visa vya familia peke yake linafundisha bila kujua kwamba Maangamizi ni habari ya watu walioponea chupuchupu, wakahama, wakazaa, wakasimulia. Ukweli ni kwamba kuponea lilikuwa jambo la nadra. Mwalimu asiyelisema hilo waziwazi, kabla ya mgeni kuanza kuzungumza na baada ya kumaliza, amewapotosha wanafunzi wake.

Waliokuwa ndani ya geto la Warsaw waliliona tatizo hili mapema kuliko wizara yoyote. Mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake hawakungoja mtu anusurike ndipo asimulie. Walikusanya kwa siri shajara, barua, insha za wanafunzi, matangazo ya serikali, tiketi za tramu na hata karatasi za peremende. Agosti 1942, wakati treni za kwenda kambi ya mauaji ya Treblinka zikiondoka kila siku, mwalimu Israel Lichtensztajn na vijana wawili waliokuwa wanafunzi wake walizika sehemu ya kwanza katika masanduku ya chuma, chini ya jengo lililokuwa shule, mtaa wa Nowolipki namba 68. Sehemu ya pili ilizikwa katika makopo ya maziwa. Ya kwanza ilichimbuliwa Septemba 1946, ya pili Desemba 1950. Lichtensztajn na Ringelblum hawakuiona siku hiyo. Kama mwalimu mwenye njaa, chini ya hukumu ya kifo, aliweza kutenganisha kumbukumbu na ushahidi na kuvihifadhi vyote viwili, mwalimu mwenye mshahara na umeme hana kisingizio, na aliye juu yake hana kabisa.

Sasa wanaingia wajukuu. Makundi ya kizazi cha tatu yanafunzwa jinsi ya kupeleka visa vya babu na bibi zao madarasani, na mpango huo ni mwema kwa sharti moja: mjukuu atambulishwe kama mjukuu. Yeye si shahidi wa Auschwitz. Ni shahidi wa nyumba iliyofuata baada ya Auschwitz, ya mkate ambao haukuruhusiwa kutupwa na swali ambalo halikuruhusiwa kuulizwa. Ni ushahidi wa maana, lakini ni mwingine. Kuhusu teknolojia ya picha za manusura zinazojibu maswali ya wanafunzi kutokana na majibu yaliyorekodiwa, itumike, mradi mwanafunzi aelezwe anachokitazama. Jumba la kumbukumbu la Auschwitz lililazimika mwaka 2025 kukemea kurasa za mitandao zinazosambaza picha za wahanga zilizobuniwa na akili mnemba. Mtoto asiyefundishwa kuuliza chanzo cha picha hatajua tofauti.

Kinachotakiwa hakihitaji tume. Serikali zilizoweka sheria ya kufundisha Maangamizi zitoe fedha za kuwafunza walimu na zikague kinachofundishwa, maana sheria isiyokaguliwa ndiyo iliyomlea yule mkuu wa shule wa Florida. Kila kisa cha familia kinachoingia darasani kiandamane na angalau waraka mmoja unaokithibitisha, kukijaza au kukipinga. Visa vya familia za wauaji na za waliotazama tu vifundishwe sambamba na vya waathirika. Nchi inayowaalika wajukuu wa waliouawa peke yao imejitoa kimasomaso. Bodi za elimu ziache kuhariri vitabu kwa mkasi wa aibu. Na shuhuda zilizorekodiwa zifasiriwe katika lugha ambazo wanafunzi wanazielewa, kazi ambayo kwa Kiswahili bado haijafanywa kwa kiwango cha kuridhisha.

Hapo ndipo Afrika Mashariki inapohusika, na wala si kama mgeni. Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana zaidi kama Bayume Mohamed Husen, alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, na akalitumikia jeshi hilo akiwa bado mtoto katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakulipwa. Alihudumu hotelini, akaigiza katika filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani mweupe na akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, alikofia Novemba 24, 1944. Jiwe lenye bamba la shaba limepachikwa barabarani mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi.

Husen hakuwa Myahudi, na kifo chake kisichanganywe na mpango wa kuwaangamiza Wayahudi wote wa Ulaya. Lakini aliuawa na dola ileile, kwa itikadi ileile ya damu na rangi. Na kisa chake hakikuletwa kwetu na wajukuu. Kilifukuliwa kwenye majalada na mtafiti Mjerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, aliyechapisha wasifu wake mwaka 2007. Mwalimu wa Kiswahili kutoka Dar es Salaam amepewa jiwe Berlin. Vitabu vya historia vya nyumbani kwao vina nafasi gani kwake, wenye vitabu wajibu.

Rwanda nayo inajua gharama ya shule kunyamaza. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, ufundishaji wa historia ya nchi ulisimamishwa shuleni kwa miaka kadhaa, na katika miaka hiyo kila nyumba ilifundisha watoto wake kivyake: nyumba ya aliyefiwa ilisema lake, nyumba ya aliye gerezani ilisema lake. Makumbusho ya Kigali, Gisozi, yalifunguliwa mwaka 2004 kwa ushirikiano na shirika la Aegis Trust, ambalo waasisi wake walikuwa wamefungua kituo cha elimu ya Maangamizi huko Nottinghamshire, Uingereza, mwaka 1995. Hapo Gisozi wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Wanafunzi wanaoingia leo wamezaliwa baada ya 1994 na kila mmoja amekuja na kisa cha nyumbani kwao. Mbinu wanayohitaji walimu wao ni ileile: sikiliza kisa, kisha fungua jalada.

Novemba 1, 2005, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 60/7 bila kupigiwa kura. Liliitenga Januari 27 kuwa siku ya kumbukumbu, likapinga ukanushaji, na likazihimiza nchi wanachama kuandaa programu za elimu ili vizazi vijavyo vijifunze kutokana na Maangamizi. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zilikuwa wanachama siku hiyo. Wizara zao za elimu zitangaze hadharani azimio hilo limeingia katika kitabu gani, linafundishwa kidato gani, na walimu wangapi wameandaliwa kulifundisha. Kama jibu ni hakuna, liandikwe hivyo, na jina la mwenye dhamana liwekwe chini yake.